Kwa Nini Hatusalimiani Mlangoni pa Kabla

Siku mliyoniaga pale bwaloni mlinipa kitenge na saa ya ukutani, ingawa sijui mstaafu anawahi wapi hata ahitaji saa. Mkaniomba niseme neno. Nikasema asante, nikakaa, nanyi mkadhani machozi yamenizidi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa na jambo la kuwaambia, na si jambo la kusemwa huku watu wameshika sahani za pilau. Sasa nimetulia nyumbani kwangu Sekei na naliandika, kabla umri haujaanza kunichagulia ya kukumbuka.

Kila kijana aliyefika kituoni aliniuliza swali lile lile: kwa nini ni marufuku kusalimiana kwenye spika ya chumba cha Kabla? Mlilelewa kutoa shikamoo, halafu mnafika kazini mnamkuta mama mtu mzima anawakaripia kwa kuitoa. Wengine mlisema nina roho mbaya. Sikuwajibu, nilisema ni utaratibu. Haya, leo nawajibu. Ya vyeo na mishahara nayaruka, hayo yako katika mafaili na hayana ladha.

Nilitoka Machame na cheti cha fundi wa maabara na sanduku moja, nikapanga chumba Kaloleni. Tangazo la kazi lilisema kituo cha utafiti huko Usa River kinatafuta mtu wa kuhudumia mazingira yaliyofungwa. Nilidhani ni majokofu ya maua, maana Usa River hata kuku wanazaliwa wakijua bei ya waridi. Mama aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba naenda kutunza maua ya Wazungu. Nilipokuja kujua kazi yenyewe sikumsahihisha, na amefariki akiamini hivyo. Angejua nilikuwa naingia wapi asingelala.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Anaeli, fundi mkuu, Mmeru wa miteremko ya juu ya Usa. Alikuwa mrefu, mpole, na sweta lake la kijani halikujua kiangazi wala masika. Alfajiri alihudumia kahawa na migomba yake kwanza, ndipo ashuke kazini, kwa hiyo viatu vyake vilibaki mlangoni na udongo wake, naye akaingia maabara na ndara. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza kama naweza kukaa kimya muda mrefu. Nikanyamaza nikitafuta jibu zuri, naye akasema inatosha, karibu kazini.

Kwa mliofika juzi, kazi yetu ilikuwa hii. Wataalamu walitaka kujua uhai unahitaji hewa ya namna gani. Huko juu kuna sayari nyingi, nyingine zina hewa, nyingine hazina, na hakuna wa kwenda kunusa. Basi unaitengeneza hewa ya huko hapa hapa, unaweka kiumbe ndani, unakaa unaangalia. Mirihi yetu lilikuwa pipa la chuma lenye hewa nyembamba mno, karibu yote hewa ukaa, na lilipokea mkono wenye glavu tu. Zuhura hatukuijaribu. Mzee alisema mahali penye joto la kuyeyusha risasi na mawingu ya tindikali hapahitaji maabara, kuna ndoa za namna hiyo na matokeo yanajulikana.

Kubwa kuliko yote kilikuwa chumba kizima, chenye mlango mzito wa chuma na dirisha dogo la duara. Humo tulitengeneza hewa ya dunia yetu wenyewe ilivyokuwa zamani za kale, kabla mimea haijaanza kutupumulia oksijeni: naitrojeni tele, hewa ukaa kiasi, oksijeni hakuna. Kwenye rafu tulipanga trei za mwani wa kijani tuliochota katika maziwa ya magadi kule Momela, ule wanaoula heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Swali lilikuwa kama mwani huu, ukipewa muda, utaweza kuigeuza hewa ile ifae. Kwenye karatasi chumba kilikuwa na jina refu la Kiingereza. Sisi tulikiita Kabla, yaani kabla ya Adamu. Mchungaji mmoja alipotutembelea aliuliza kama Adamu angeweza kuishi mle. Mzee alimjibu kwa heshima kwamba asingemaliza kumtaja mnyama wa kwanza.

Siku yangu ya kwanza aliwasha mshumaa, akaupitisha kwenye kidirisha cha kupitishia trei. Nilitegemea mwali upepesuke, upigane kidogo. Haukupigana. Ulikuwepo, halafu haukuwepo. Mzee akasema hivyo ndivyo nitakavyokuwa nikiingia bila barakoa, ila mimi nitaanguka na kelele zaidi.

Lakini hofu yangu haikuanzia hapo. Ilianza wiki iliyofuata, aliponifanyia kipimo ambacho wote mmekipitia. Alinikalisha ndani ya hema la nailoni, muuguzi wa kituo kanishika mkono, Mzee akanipa ungo uliojaa mahindi na maharage yaliyochanganywa kama ya makande. Kazi yangu ilikuwa kuyatenganisha. Huku nikichambua, alipunguza oksijeni ndani ya hema polepole. Nilijiandaa kukabwa. Nilijua nitahisi kifua kinabana, nitapiga kelele, nitatolewa. Sikuhisi kitu. Nilichambua kwa kasi ya ajabu, nikaona mimi ni hodari kuliko fundi yeyote aliyewahi kuzaliwa, nikacheka kwa furaha tupu. Wakaniwekea barakoa ya oksijeni. Nikatazama ungo. Nilikuwa nimechukua mafungu niliyokwisha kuyatenganisha na kuyachanganya upya, kwa uangalifu mkubwa.

Mzee hakucheka. Alisema hewa ukaa ikizidi mwili unalalamika, lakini oksijeni ikiondoka kimya kimya na naitrojeni ikabaki, mwili hauna habari. Alisema hewa mbaya haikutishi, inakubembeleza. Jioni ile nilirudi Kaloleni kwa daladala, nikajifungia chumbani. Kilichonitisha ni ile furaha. Tangu hapo, kila nilipojisikia vizuri kazini bila sababu, nilitoka nje kwanza.

Na hofu hiyo ilinifuata mpaka angani. Watu husema nyota zinapendeza. Mimi nikiona Mirihi imechomoza nyekundu upande wa Moshi, naona vyumba visivyo na mlango, vingi visivyohesabika, na hakuna hata kimoja ambamo mtoto wangu angevuta pumzi ya pili. Sisi tuko katika kimoja tu kilichotukubali, na kinatukubali kwa sababu ya uchafu wa kijani uliojituma bila kuombwa. Mume wangu aliwahi kuniambia niache kumwambia mambo hayo wakati wa kula.

Miaka ya mwanzo ilipita salama. Kuingia Kabla ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anavaa barakoa inayofunika uso wote, yenye mpira mrefu unaoleta hewa safi kutoka kwenye pampu ya nje. Wa pili anabaki dirishani na spika. Kengele ya mfukoni ya kupima oksijeni hatukuivaa humo, kwa sababu Kabla haina oksijeni na kengele ingelia tangu unaingia mpaka unatoka. Kilichotulinda ni sauti. Zamani walitumia kugonga ukuta, lakini aliye ndani akizama katika kazi anasahau kugonga. Mzee ndiye aliyeleta wazo la salamu. Alisema Mmeru aliyelelewa vizuri anaweza kusahau jina lake, lakini hawezi kuiacha salamu ikining'inia. Basi wa nje anasalimia kila baada ya muda mfupi, wa ndani anaitikia. Akinyamaza, atolewe. Tuliona ni utaratibu mzuri sana. Wageni waliutamani, mmoja akaupiga picha.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, Meru haionekani, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba ya jirani. Mzee alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na alitaka kuziangalia trei za chini mwenyewe kwa sababu kipimo kilionyesha kwamba oksijeni imeanza kutokea mle, chembe tu. Alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Mimi nilikuwa dirishani. Kwenye pampu, nyuma ya ukuta, alikuwa Elisante, fundi wetu wa umeme, mtoto wa dada yake Mzee ambaye Mzee alimlea baada ya mama yake kufariki. Alikuwa amevaa viziba masikio kwa ajili ya kelele za mashine.

Mzee aliinama chini ya rafu za mwisho, nikawa naona mgongo wake tu. Nikasema shikamoo baba. Akasema marahaba. Nikasubiri, nikasalimia tena, akaitikia tena, sauti ile ile ya kawaida. Kisha nikageuka kusoma kipimo cha joto, na nyuma yangu spika ikasema, "Marahaba."

Mimi sikuwa nimesalimia.

Nilidhani Elisante amepita akamsalimia. Nikatazama, hakuwepo. Spika ikasema marahaba tena, kwa upole, kama mtu anayetoka ibadani Jumapili na kila anayekutana naye anampa heshima yake. Nikamuuliza, "Baba, umefika trei gani?"

"Marahaba, mwanangu," akasema, akacheka.

Nilibandika uso kwenye kioo. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye rafu, barakoa usoni, anatikisa kichwa polepole kwa watu ambao hawakuwepo. Mpira wa hewa ulikuwa umenasa kwenye mguu wa meza, na kiungo chake kimelegea. Alikuwa anavuta nusu ya hewa yetu na nusu ya hewa ya Kabla. Kwa muda gani sikujua. Salamu zote zile nilizozipokea kama uzima, sikujua ni ipi ya mwisho iliyotoka kwa mtu.

Nilivuta koki nyekundu ya kuingiza hewa ya nje, ile mnayoijua, inayoua utafiti wote uliomo. Feni zikanguruma. Lakini chumba kile ni kikubwa na hewa haigeuki papo hapo. Elisante aliona taa ya hatari, akaja mbio, akachungulia dirishani, akashika mkono wa mlango. Hana barakoa. Mzee alitufundisha sote, yeye Elisante wa kwanza, kwamba Kabla haina haja na aliyeanguka kwanza, inamsubiri anayekuja kumwokoa. Nikaupa mlango mgongo.

"Nipishe," akasema.

"Vaa kwanza."

"Dada Aikande, huyo ni mjomba wangu. Ndiye baba yangu."

"Vaa kwanza, Elisante."

Alinisukuma. Ni kijana mwenye nguvu, bega langu liligonga fremu ya chuma na nikasikia maumivu mpaka vidoleni, lakini sikuachia mkono wa mlango. Nyuma yangu spika iliendelea. Marahaba. Marahaba. Halafu ikanyamaza, na nawaambia kweli, nilitamani iseme tena. Elisante alianza kulia, akachukua barakoa ya akiba, vidole vyake havikuweza kufunga mikanda, nikaifunga mimi, kisha nikafunga yangu. Watu wa uchunguzi waliniuliza baadaye nilimzuia kwa muda gani. Niliwaambia muda wa kufunga mikanda. Sijui jibu jingine, na nimelitafuta.

Tulimtoa. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva, na bado alikuwa na tabasamu. Elisante alimpulizia pumzi, muuguzi akaja na mtungi wa oksijeni, na tukiwa bado sakafuni kifua kikapanda chenyewe. Tulimpeleka hospitali kwa gari la kituo. Ukumbini Elisante alikaa mbali nami. Baadaye alinijia, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba mjomba wake akifa au akibaki gogo, atajua ni mlango ule, na atajua ni nani aliyesimama pale. Nilikuwa nafikiri jambo hilo hilo.

Mzee hakufa. Alifumbua macho, akanywa uji, akatembea akishikwa mkono. Daktari alisema ubongo uliokosa oksijeni unaweza kurudi wote, au nusu, au usirudi, na hakuna wa kuharakisha. Wakamruhusu. Habari zikaja kituoni kwamba Mzee yuko vizuri, anaongea, anawaitikia wote. Mke wake, Mama Elirehema, alikuwa ameshapanga siku ya kutoa shukrani kanisani. Watu kituoni walikumbatiana. Mimi nilikwenda nyuma ya stoo nikakaa peke yangu, kwa sababu ya lile neno, anawaitikia.

Utaratibu wa kusalimiana tuliufuta wiki ile ile. Badala yake wa nje anauliza swali jipya kila mara, lisilo na jibu la mazoea: umeona nini, kilichobaki ni kipi, kwa nini umeanza na hiki. Mmeukuta hivyo, na sasa mnajua umetoka wapi.

Lakini nilikuwa bado sijakwenda kumwona. Kila siku nilipata sababu. Bega linauma, mvua, mtoto ana mtihani. Mwisho nikapanda, Jumamosi mchana, kupitia njia ya kahawa yake, na kila hatua niliogopa zaidi. Nyumba ilikuwa imejaa. Sebuleni kuna vitambaa vyeupe kwenye viti, chai kwenye chupa, ndizi za kuchoma, majirani na washarika. Mzee alikuwa kwenye kochi na sweta lake. Elisante alikuwa kasimama mlangoni pa jikoni. Aliniona, akatazama pembeni.

Nikasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema Mzee, na sebule nzima ikatabasamu.

Nikakaa, nikasikiliza. Wageni waliingia, wakasalimia, akaitikia. Habari za leo, nzuri. Umeamkaje, salama. Pole Mzee, asante sana. Mungu ni mwema, kila wakati. Hakukosea hata mara moja. Na katika saa nzima hakusema neno moja ambalo hakuletewa. Hakuna aliyegundua, maana nani anampelekea mgonjwa kitu kingine zaidi ya salamu? Mama Elirehema alinigusa goti, akaninong'oneza kwamba Bwana ametenda muujiza. Macho yake yalikuwa yamechoka kabisa, na yalikuwa na furaha, na mimi ndiye pekee katika nyumba ile niliyejua kwamba bado hatujui kama mumewe yumo.

Ningeweza kunywa chai nikaondoka. Nawaambia ninyi kwa kuwa mtakutana na siku kama hiyo: nilitaka sana kunywa chai nikaondoka. Kama ningeuliza, na mle ndani hakuna mtu, ningekuwa nimemwua mbele ya mke wake aliyekuwa akijiandaa kutoa shukrani. Na Elisante angekuwa amesema kweli.

Nikasogea, nikapiga magoti mbele ya kochi, macho yangu na yake yakawa sawa. Nikamuuliza, "Baba, safari hii nani anakwenda Momela kuchota mwani?"

Akatabasamu. Mdomo ukafunguka kuitikia. Nikaona unatafuta neno la kuitikia na neno halipo, kwa sababu swali halikuwa salamu. Tabasamu likabaki peke yake kidogo, kisha nalo likaondoka. Uso ukakunjamana. Macho yakazunguka chumbani, yakapita kwa mke wake, kwa Elisante, kwenye mikono yake mwenyewe, yakarudi kwangu.

"Sijui," akasema. Pumzi zake zikaanza kwenda mbio. "Kwa nini sijui?"

Mama Elirehema alinivuta bega lile lile bovu, akaniambia, "Mwanangu, unamtia hofu mgonjwa." Nami nilikuwa nalia, nashindwa kumweleza kwamba ndiyo, mama, ana hofu, na mwenye hofu yumo ndani, mtazame. Elisante alikuwa amekwisha kutoka mlangoni pa jikoni. Alipiga magoti kando yangu, bega kwa bega, akamtazama mjomba wake usoni kama ninavyotazama vipimo.

Nikajiandaa kuinuka, kwa heshima ya mwenye nyumba. Mzee akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa na nguvu.

"Usiende," akasema. "Niulize tena."